Kiingilio cha MV Nyakisu

Jumamosi, 10 Juni 1995

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi!

Leo nimewapeleka wanangu melini. MV Nyakisu, meli ya mizigo aliyofanyia kazi baba yao, mpaka ilipostaafishwa na yeye akapunguzwa. Tajiri mmoja kainunua, kaipaka rangi nyeupe, imefungwa kamba ufukweni hapa Igogo, eti makumbusho. Siku hizi kila kitu kina mwenyewe, hata kutazama unalipia. Haya, nikalipa. Wanangu walipendeza! Amondi na gauni la Krismasi, mdogo wake Ojwang viatu vinang'aa. Watu walitugeukia.

Amondi ana miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani. Alizaliwa mle melini. Nilikuwa natoka Musoma, uchungu ukanishika juu ya marobota ya pamba. Kunapambazuka, mtoto huyu hapa – ndiyo maana akaitwa Amondi, kwa lugha yetu aliyezaliwa alfajiri. Mume wangu Otuoma akakataa kondo la nyuma kutupwa ziwani kama takataka. Kwetu hufukiwa nyumbani, ndipo mtoto anakuwa na kwao. Lakini udongo autoe wapi katikati ya maji? Akalifukia kwenye sanduku la mchanga wa kuzimia moto! Mama mkwe aliposikia alinuna weee, mwisho akaamua: basi, kwao huyu ni melini.

Sanduku bado lipo. Amondi akamwambia Osward, yule kijana anayetembeza wageni, "Kaka, mimi nimezaliwa hapa." Kijana akacheka! Akatangaza kwamba meli hii haikupandwa na mwanamke hata mmoja, mabaharia walisema mwanamke ni mkosi.

Mkosi mimi? Nikamwambia, "Wewe, nimezaa humu ukiwa bado unajikojolea!"

"Mama, sisi tunafuata historia."

Historia! Wageni wakacheka. Amondi hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Baada ya chakula nikamwambia Otuoma: uende ukaseme ukweli, wewe ndiye uliyelifukia lile kondo. Anachokonoa meno tu. Mwisho akatoboa – ameomba kazi ya ulinzi palepale! Na ile meli haikuruhusiwa kubeba abiria, alinipandisha kwa kificho.

"Mama Amondi, liache hilo. Tajiri akijua nilivunja sheria, kazi nimeikosa."

Amondi alikuwa anaosha vyombo. Akauliza, "Baba, kwa hiyo sikuzaliwa melini?"

Na Otuoma, mwanaume mzima aliyewahi kuingia kwenye moto wa injini wenzake wakikimbia, akasema, "Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

Ugali sikumpakulia. Ashibe hiyo kazi!

Jumatatu, 12 Juni

Mimi na Otuoma tunatumana kwa mdomo wa Ojwang. "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Maji yamepoa.

Jumanne, 13 Juni

Naandika nimesimama. Osward yuko mlangoni, anahema, tai imepinda. Leo shikamoo anaijua!

Anasema Amondi yuko melini. Kapita getini bila kulipa, kaenda moja kwa moja kukaa juu ya lile sanduku, hashuki. Walipomdai kiingilio kawajibu mbele ya Wazungu: mtu halipi kiingilio kwao. Mwanangu huyo! Damu yangu kabisa! Wazungu wanapiga picha, tajiri anafoka, anataka mzazi aje sasa hivi.

"Mama, baba yake yupo?" ananiuliza Osward.

Yupo. Yuko uani, amesikia yote. Amenawa uso. Sasa kaja, anaomba shati – kwa mdomo wake mwenyewe, hakumtuma Ojwang. Nimemuuliza: lipi, la kuombea kazi au la kwenda kwa mwanao?

Amelichukua lililo msumarini, analivaa. Anamwambia Osward, "Twende huko kwao Amondi" –