Miezi Minane Sikumuuliza Ukoo

Jumatatu, Bigwa. Mvua.

Shajara yangu, mvua imeanza kabla hakujakucha na mpaka sasa, saa nane mchana, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Milima yote imefunikwa na ukungu, utadhani hatuna milima. Sijaenda kazini. Nimemwambia bosi kichwa kinauma, na si uongo, maana nimelia mpaka kinagonga.

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio. Nikirukaruka nitajidanganya, najijua.

Kwa aliyepotea njia akaingia humu kwenye blogu yangu leo: mimi ni Tekla, nina miaka ishirini na sita, nakaa hapa Bigwa kwa mama mdogo, na nafanya kazi stashenari karibu na chuo kule Mazimbu. Natoa kopi na kuchapa kazi za wanafunzi wanaokumbuka kwamba leo ndiyo siku ya kukusanya. Deo ni fundi printa wa Dodoma na ni mtu wangu. Ni, au alikuwa. Hapo ndipo nilipokwama.

Tulikutana kwenye simu, kama nusu ya watu wa rika langu. Printa ilimeza karatasi ikagoma kuitapika, wanafunzi wamejaa mlangoni wananung'unika, nami nikaomba msaada kwenye kundi la mafundi nililoungwa na jamaa mmoja. Mmoja akanicheka. Mwingine akasema peleka kwa fundi, kana kwamba sikufikiria hilo. Deo akanipigia simu ya video, akaniambia nimwonyeshe ndani ya printa, akaniongoza taratibu: fungua hapa, vuta kidogo, usilazimishe. Karatasi ikatoka. Jioni akauliza printa inaendeleaje. Kesho yake akauliza mimi naendeleaje.

Miezi minane ikapita hivyo. Najua pazia la chumba chake ni la bluu na limepungua upande mmoja. Najua hawezi kunywa uji wa moto, anausubiri mpaka ugande. Betri ya simu yake ni mbovu, na nikisikia sauti yake inaharakisha najua chaji imebaki kidogo. Nilipougua malaria alikaa kwenye simu nami mchana kutwa bila kusema la maana, kila mtu na shughuli zake, mimi nahema kitandani, yeye anafungua mashine. Sijawahi kusindikizwa hivyo katika ugonjwa na mtu yeyote aliye karibu.

Nasema haya kwa sababu tangu jana mama mdogo anazunguka nyumba akisema simu hizi, simu hizi. Namheshimu, lakini hapo simuungi mkono. Bila simu nisingemjua Deo kabisa, na mwanamume mpole kama yule hauzwi dukani.

Tatizo ni langu.

Wiki ya kwanza nilimuuliza kabila. Akasema Mgogo. Nikasema mimi Mluguru. Akanitajia mboga yao ya mlenda, nikamtajia ndizi zetu, tukacheka, na swali likaishia hapo. Nilipomwambia mama kwamba nimepata mtu na ni Mgogo, alishusha pumzi. Mgogo, basi hakuna tabu, alisema. Nami nikaona hakuna tabu.

Sasa niwaeleze wasio wa kwetu. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaweza kutoka popote, akakupa jina lake na ukalibeba mpaka kwenye cheti, lakini ukoo unautoa kwa mama, naye aliutoa kwa mama yake. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama mmoja yuko Matombo na mwingine Mgeta na hawajawahi kuonana. Ndugu hawaoani. Ndiyo maana kule juu kwa mama, mgeni hata hajakaa vizuri kwenye kigoda, ameshaulizwa: wewe ni ukoo gani? Nilikua nikiona swali hilo ni la ushamba. Nilipohamia mjini nililiacha huko huko.

Kwa hiyo Deo aliposema Mgogo, nilihesabu kwa baba. Mimi, mtoto wa mama yangu, niliyezaliwa mlimani, nilihesabu kwa baba kama fomu za serikali zinavyohesabu. Sikumuuliza hata siku moja mama yake ni mtu wa wapi.

Jana Jumapili alikuja. Mara yetu ya kwanza kuonana ana kwa ana ilikuwa Jumamosi stendi, na hiyo nitaiandika siku nyingine, kwa sababu ilikuwa nzuri na leo sitaki kuiharibu. Alilala kwa rafiki yake mjini. Jana baada ya misa akaja hapa nyumbani kumsalimia mama, ambaye aliteremka mlimani kwa ajili hiyo na kapu la karoti na kabichi utafikiri anakwenda sokoni.

Deo alivaa shati jeupe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha kitu mgongoni. Akamwamkia mama shikamoo, akamwamkia mama mdogo, akakaa ukingoni mwa kochi. Mama akamuuliza habari za safari, za Dodoma, za mvua. Halafu, kwa sababu mama ni mama, akamuuliza mama yake mzazi anatoka wapi.

Deo akanitazama mimi kwanza, anatabasamu.

"Mama yangu ni Mluguru, mama," alisema. "Ni wa huku huku milimani."

Kisha akautaja ukoo, taratibu, kama mtu aliyeufanyia mazoezi. Siuandiki hapa. Wa kwetu wanaonijua wanaujua, maana ni ukoo wetu.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika sahani ya ndizi anataka kumsogezea mgeni. Akaiweka mezani, akajifunga khanga yake upya ingawa haikuwa imelegea. Mama mdogo akaenda jikoni bila kuaga. Deo bado alikuwa anatabasamu, anasubiri tushangilie.

"Tekla," mama alisema, "huyu ni kaka yako."

Halafu akamkaribisha chakula. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakumfukuza wala hakumfokea. Alimpakulia mwenyewe, akamchagulia kipaja cha kuku, akamuuliza mama yake aliolewa Dodoma lini, bibi yake alizikwa kijiji gani, wajomba zake ni kina nani. Kwa kila jibu mama aliitikia kwa kichwa, na mimi nikazidi kupotea. Alimpenda. Mama alimpenda Deo papo hapo, kwa namna ambayo mimi sikuitaka.

Nilipomsindikiza stendi nilimuuliza kwa nini alinificha. Nilikuwa na hasira, nakiri. Akasema hakunificha. Aliniambia kwamba siku nilipomwambia mimi ni Mluguru, mama yake alifurahi karibu alie, na akamwambia: muulize ukoo wake. Deo akaona akiniuliza nitashtuka nitajua kuna jambo. Akataka kuliweka mpaka siku atakayokuja.

"Kila kitu changu ulikuwa umeshakiona kwenye simu," alisema. "Nikataka nikuletee kitu kimoja kwa mkono."

Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Akaniambia jingine, na hili nimelibeba tangu jana. Alisema yeye ni Mgogo. Kwao mtoto ni wa baba, na kwa hesabu hiyo mimi na yeye si chochote kwa chochote. Padri hatakataa. Serikali haitakataa. Nani anayekataa, isipokuwa kikao cha wazee ambao hawajawahi kumwona? Aliyasema bila ukali, kwa ile sauti yake ya usilazimishe. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Basi likapiga honi. Akanyoosha mikono anikumbatie.

Nikampa mkono.

Nilimpa mkono wa kulia, na wa kushoto nikaushika kiwiko, namna ninavyomsalimia kaka yangu mkubwa akija kutoka shamba. Sikuamua. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliutazama ule mkono, akaushika kwa adabu, akapanda basi. Nilimwona dirishani anaangalia mbele.

Usiku sikulala na sitaki kuusimulia. Asubuhi hii nilichukua simu nikafanya jambo la kijinga. Niliingia kwenye maongezi yetu ya miezi minane, nikaenda pale pa kutafutia maneno, nikaandika: ukoo. Simu ikaniambia hakuna kilichopatikana. Nikaandika: mama. Yakaja mengi mpaka kidole kikachoka kuyashusha. Mama amekwenda kanisani. Mama mgongo unamsumbua. Mama ameuliza umepona? Mama anasema pole na mvua. Mama anasema uvae sweta. Mwanamke yule alikuwa amejaa kwenye simu yangu tangu mwanzo, ananijali, na mimi sikuwahi kumuuliza Deo jambo moja juu yake zaidi ya hajambo.

Tunaulizana mambo mengi, sisi watu wa simu. Umekula nini, umevaa nini, uko wapi, uko na nani. Tunaulizana umeamkaje mpaka neno linapoteza ladha. Lakini swali ambalo mtu angelijibu kwa kusimulia nusu saa, la watu waliomleta duniani, hatuliulizi, labda kwa sababu halijibiki kwa kidole gumba. Sisemi wazee ni bora. Wao waliuliza ukoo wakasahau kuuliza kama mtu ana huruma. Natamani tu ningeuliza yote mawili.

Saa nne nilimpigia. Sikutaka kuandika wala kurekodi sauti halafu niifute. Alipokea mara moja. Nikasikia sufuria kwa nyuma, na sauti ya mwanamke inauliza ni nani.

"Ni Tekla, mama," alisema.

Nikasikia simu inabadilisha mikono. Nilitaka kukata. Nilimwogopa mama wa watu, nilifikiri ataniambia nimemchanganyia mtoto.

"Mwanangu," alisema, "nilimwambia akuulize."

Kisha akaanza kulia, na mimi huku nikaanza. Akaniambia ameolewa Dodoma miaka thelathini na moja. Kwa muda wote huo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kufika mlangoni kwake, na ndugu zake kule mlimani wameisha mmoja mmoja akipata habari zikiwa zimechelewa. Aliniuliza jina la mama yangu, akauliza kwetu ni bonde gani, akauliza kama ile njia ya kupandia misheni bado ina mawe makubwa. Bado inayo, nilimwambia. Akacheka huku analia. Nimezungumza naye muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza na mtu mzima yeyote kwenye simu, na hakuna hata mara moja aliyoniambia niolewe na mwanawe au niache. Alisema tu kwamba uamuzi wowote tutakaoufanya, yeye ameshanihesabu kuwa wa kwake.

Deo aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imepungua. Akauliza tufanyeje. Nikamwambia jambo hili linakwenda kwa mjomba, kaka yake mama, maana kwetu ndiye mwenye kauli juu yetu sisi watoto wa dada yake. Huenda akasema ukoo ni mmoja lakini matumbo, yaani matawi yake, yametengana vizazi vingi, na wapo waliokwisha kuruhusiwa kwa njia hiyo, mama amemnong'oneza mama mdogo hivyo asubuhi akidhani nimelala. Deo akashika hapo hapo. Alisema basi, kuna matumaini. Nikasikia tabasamu lake, nalijua hata nisipoliona. Nikasema ndiyo.

Shajara, kwako sitasema uongo. Bado nampenda. Nikisikia simu inatetemeka moyo unaruka kama wiki iliyopita, ule ule, haujaambiwa kitu. Lakini tangu jana saa saba mchana kuna neno la mama limekaa kati yetu, na kila nikijaribu kulisogeza nimkumbuke alivyokuwa Jumamosi, namwona yule aliyekaa kwenye kochi anataja majina ya wajomba, na mama anaitikia kwa kichwa. Nilipompa mkono pale stendi, sikuwa namtii mtu yeyote. Hakukuwa na mzee pale. Tulikuwa wawili tu.

Mvua ikikatika kesho napanda na mama. Ni mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka gari linapoishia, na mjomba hazungumzi mambo kama haya kwenye simu, hata mtandao ungekuwepo. Nitapiga magoti na kumweleza kila kitu.

Mama anadhani naogopa atakataa. Akikataa nitalia, nitamlaumu yeye na ukoo mzima, na Deo atanihurumia. Ninachoogopa ni akikubali, maana hapo itabidi nijibu mwenyewe.