Simu Inaposema "Picha"

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimechelewa darasa la kwanza la muhula. Tena! Na niliamka mapema kabisa. Nilishika simu niangalie saa tu, simu ikanishika mimi. Video ya mtu anapika githeri, halafu ya mtu anayemcheka yule wa githeri, halafu sijui nini.

Nilipofika Daktari Chelangat alikuwa ameshagawa vikundi. Fonolojia ya Kiswahili, watu watatu watatu, muhula mzima. Nimewekwa na waliobaki. Tonny wa Bumula, huyu namjua tangu mwaka wa kwanza. Na kijana mgeni amehamia kutoka kampasi nyingine, anaitwa Alwi. Kwao ni hapa hapa Bungoma mjini, karibu na msikiti. Haoni, tangu utotoni. Alisema mwenyewe kabla hatujaanza kujiuliza, kama mtu anayetaja jina la babake.

Simu yake inamsomea. Mwanzo nilidhani ni redio iliyopoteza stesheni — inaongea mbio, sikushika hata neno. Nikamuuliza kama yeye anaelewa.

"Naelewa," akasema. "Ni nyinyi mnaongea polepole. Nawavumilia tu."

Kikundi changu nimekipenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Noti zimekuja kwa WhatsApp ya darasa. Picha za kurasa zilizopigwa taipu kabla hatujazaliwa, zikatolewa fotokopi, na hiyo fotokopi ikatolewa fotokopi. Sisi tunakodoa macho, tunabahatisha. Alwi alifungua ya kwanza, simu ikasema, "Picha." Akafungua ya pili. "Picha." Akaendelea kuteleza kidole. Picha, picha, picha. Tonny alicheka, kisha akaelewa.

Alwi hakulalamika. Alieleza tu kwamba simu yake inasoma maandishi, lakini maandishi yakipigwa picha, kwake ni ukuta. Kule alikotoka kulikuwa na dada mmoja wa kumsomea. Huyo amehitimu, ameenda zake.

Nikajikuta nikisema nitamsomea mimi. Tumekaa nje ya maktaba nikasoma mpaka sauti ikakauka. Kurasa chache tu! Na CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, ni mwezi ujao. Tulipoagana alikunja fimbo yake kipande kwa kipande, pole pole, na hakusema neno la mzaha hata moja. Hiyo ndiyo imenikaa moyoni.

Jumapili, 14 Septemba. Kitale

Niko nyumbani, Kibomet. Nimekuja na wazo: nirekodi! Nisome noti nikiwa na simu mdomoni, nimtumie Alwi, asikilize anavyotaka.

Baada ya kanisa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya gunia. Nje Mama anapepeta maharagwe. Nimesoma irabu zote, nimeanza konsonanti, jogoo naye akaamua ni zamu yake. Halafu Mama akaita kwamba chai inapoa. Halafu akaita tena, sasa kwa jina langu lote. Sikuwa na nguvu za kurudia. Nimetuma vivyo hivyo.

Alwi amejibu jioni hii. Amesikiliza yote akiwa dukani kwa dada yake Nimo, anayeuza nguo. Ati sasa anajua irabu za Kiswahili ni tano na kwamba kwetu chai hailetwi, inafuatwa. Nimo naye anauliza kama hayo maharagwe yanauzwa. Nimemsomea Mama ujumbe huo. Amecheka mpaka akaweka ungo chini. Ati angejua anasikika Bungoma angesema maneno ya maana.

Lakini Alwi amesema pia ukweli. Sauti ni nzuri, ila haitafutiki. Akitaka maana ya neno moja inabidi asikilize jogoo wote. Anachohitaji ni herufi.

Jumatano, 17 Septemba

Tonny amefika na habari kama mtu aliyepata kitambulisho. Kuna programu ya simu inayotazama picha ya ukurasa na kuigeuza kuwa maandishi! Unapiga, unangoja, herufi hizi hapa. Tumejaribu ukurasa ulio safi — Alwi akaweka simu sikioni, nikaona uso wake ukifunguka. Akasoma mpaka mwisho. Akarudi juu akasoma tena.

Kurasa chafu ni shida nyingine. "Lugha" imetoka "Iugba." "Ufizi" imetoka "uf12i." Simu ya Alwi inasoma yote hayo kwa heshima kabisa, bila aibu. Lazima tusahihishe kwa mkono. Tumefungua hati ya pamoja mtandaoni, sote watatu tunaingia na kuandika humo kwa wakati mmoja. Sikujua kitu hicho kinawezekana. Unaona mwenzako akiandika upande wa chini, neno linaota lenyewe!

Alhamisi, 18 Septemba

Leo tumefukuzwa maktaba.

Zile kurasa mbovu kabisa Tonny ameamua kuziandika upya, na Tonny anaandika anavyoongea. Sasa fikiria: ukurasa ni wa kitambaza na kimadende, yaani sauti L na sauti R. Na Tonny ni mtu wa Bumula, ambako L na R hubadilishana viti. Simu ya Alwi ikaanza kusoma, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa, kwamba katika kutamka R ncha ya "urimi" hupigapiga ufizi, na katika L hewa hupita pembeni mwa "urimi." Alwi alijaribu kujizuia. Akaweka kichwa juu ya meza. Mabega yanatetemeka. Nami nikashindwa. Mwenye maktaba hakutaka maelezo.

Nje nikaona Tonny hachekeshwi. Alikuwa anafunga zipu ya mkoba ambao umeshafungwa.

"Sasa mimi niache kuandika?" akasema. "Mdomo yangu ndio hii, bana."

Alwi ndiye aliyemjibu. Alimshika bega, akakosea kidogo akashika shingo, akasema, "Usiache. Sauti ya simu ni moja tu kwa kila kitu, miaka yote. Leo nimesikia mtu ndani yake."

Tonny akatabasamu akiangalia chini. Tumekubaliana: mimi nitapita nyuma kusahihisha hati ya darasa, lakini Alwi amejiwekea nakala yake mwenyewe, yenye urimi. Hataki iguswe.

Jumanne, 23 Septemba

Alwi ametufundisha vichwa. Mimi nilikuwa naandika kichwa cha habari kwa kukoleza herufi tu, na kwa macho kinapendeza. Kwa simu yake ni mstari kama mistari mingine. Kumbe unaiambia hati yenyewe kwamba hiki ni kichwa kikubwa, hiki ni kidogo, na yeye anaruka kutoka kimoja hadi kingine kama mtu anayepita kwenye mawe kuvuka mto. Nimeweka vichwa vyote. Halafu nikagundua hata mimi naruka! Naenda moja kwa moja kwa silabi, sitafuti tena.

Halafu akaniuliza kwa nini nachelewa kila siku. Nikaanza na mvua. Akangoja nimalize. Akasema, "Ivy, simu yako inakutuma kama mtoto wa nyumbani. Mimi yangu naituma."

Imeniuma kidogo kwa sababu ni kweli. Amenionyesha yake. Kila somo liko kwenye kalenda, kila kengele ina jina, na WhatsApp hailii mpaka aiite. Nimefanya hivyo hivyo. Nimezima kelele zote isipokuwa ya kupigiwa. Na wakati wa kusoma simu naiweka ndani ya kopo la unga, juu ya rafu, mpaka nimalize kichwa kimoja. Leo Mama alipiga, nikaitoa ikiwa nyeupe kama andazi ambalo halijakaangwa. Lakini kichwa nilimaliza. Na kingine!

Jumamosi, 27 Septemba

Hati yetu imetoroka. Cheptoo, kiongozi wa darasa, aliiona kwa Tonny, akaiomba. Mimi niliogopa wataivuruga. Alwi akasema noti ni za darasa lote. Basi Cheptoo, ambaye hata kuku angewapanga mstari, ameligawia darasa kurasa zote zilizobaki, kila mtu wake, na leo Jumamosi watu wamekaa vyumbani kwao wakisahihisha. Nimefungua nikaona majina yamejaa pembeni, ya rangi rangi, yanatembea juu ya ukurasa. Mtu wa Myanga, mtu wa Webuye, mtu sijui wa wapi. Wale wanaokaaga nyuma, hawasemi kitu! Nao wameandika.

Nimekaa na chai yangu nawatazama tu. Nikakumbuka vile nyumbani watu huja siku moja kuvunia mtu mmoja mahindi, kila mtu na mstari wake.

Jumatano, 1 Oktoba

Asubuhi nimefungua hati. Tupu. Nyeupe kabisa! Nikampigia Tonny, Tonny akapiga kelele, Cheptoo akaanza kuhoji darasa lote kama askari.

Alwi tulimkuta kantini, anakunywa uji. Akaniambia nitafute historia ya hati, pale juu, nirudi jana. Nikabonyeza. Yote yakarudi — vichwa, mistari, hata koma. Ni kama mtu amewasha stima.

Cheptoo alitaka pia kuona ni nani alifuta. Alwi akamwambia aache, noti zimerudi. Tonny alikuwa amesimama hapo, anageuza simu yake mkononi, haangalii mtu. Nadhani aliikalia ikiwa na hati wazi, ikafuta yote. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo si ya kucheka. Alwi ameenda kwa Daktari Chelangat kabla ya swala ya Ijumaa, nikamsindikiza. Utaratibu uliopo ni kwamba yeye husomewa maswali, anajibu kwa mdomo, na kuna mtu wa kumwandikia. Anataka CAT hii aandike mwenyewe, kwa laptopu inayomsomea anachoandika.

Daktari si mtu mbaya. Aliuliza anayopaswa kuuliza: intaneti je? Noti zilizofichwa humo je? Na wengine wakitaka laptopu pia? Alwi akajibu moja moja. Laptopu ikaguliwe, mtandao uzimwe, akae chumba kingine ili sauti isisumbue. Daktari akasema mwandishi ni njia iliyozoeleka, kuna ubaya gani?

Alwi akajibu hilo pia. "Madam, mwandishi anaandika alichoelewa yeye. Tangu nianze shule hakuna mwalimu amewahi kusahihisha makosa yangu mwenyewe. Nataka hata kosa liwe langu."

Daktari alivua miwani. Akasema ataongea na idara, hawezi kuahidi.

Nilimfikisha Alwi karibu na msikiti, Nimo akampokea, akaniuliza kwa macho kumeendaje. Nikainua mabega.

Jumatatu, 6 Oktoba

WAMEKUBALI! Kwa majaribio, CAT hii tu, wataona. Nilipata habari nikiwa napanga foleni ya chapati na nimeacha foleni. Tonny alicheza katikati ya uwanja. Alwi alisema "Sawa," kama mtu ameambiwa basi limefika. Baadaye nilimkuta nyuma ya maktaba na laptopu, anajizoesha kuandika. Sauti ya laptopu ni ya mzee mwenye mafua. Mikono yake ilikuwa baridi. Anaogopa! Alwi!

Nikamwambia hata mimi naogopa. Akasema hiyo haimsaidii, lakini nikae.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika haya nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba alichopewa Alwi. Sisi wengine tumemaliza. Yeye ana muda wa nyongeza. Mlango umefungwa lakini vidole vyake vinasikika kwenye laptopu, tak tak tak, vinatulia, tak tak.

Nilifika mapema leo. Nilikuwa wa kwanza darasani, nikamfungulia mwenye ufagio! Na swali la kitambaza na kimadende limekuja. Nilimwona Tonny akilisoma, akafunika mdomo kwa mkono. Ameandika ukurasa mzima. Sasa yuko hapa kando yangu na mandazi ya watu watatu kwenye karatasi, na hataki tule mpaka Alwi atoke.

Hapo nikaacha kidogo kuandika. Daktari Chelangat ametoka, amemwacha mwenzake ndani kusimamia. Nilidhani kuna tatizo. Akasimama mbele yetu. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema hawezi kuzungumzia mtihani unaoendelea. Ila hakuondoka. Ameketi kwenye benchi, Tonny akasogeza mandazi. Akatoa simu yake, ana noti za wiki ijayo humo, na safari hii si picha. Amezichapa mwenyewe, na hati yetu ameshaiona.

"Ivy, hebu nionyeshe," akasema kwa sauti ya chini. "Hivyo vichwa mnaviwekaje ndio simu yake iruke?"

Nimemwonyesha cha kwanza. Cha pili amekosea, amekirudia. Sasa anaweka mwenyewe, kidole kimoja, miwani puani, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Ndani kumekuwa kimya. Sote watatu tumeinua vichwa. Tonny amesimama na karatasi yake ya mandazi, Daktari ameacha kidole hewani. Kimya bado.

Tak. Tak tak tak —