Baba, Mto Umeichukua Mizabibu

Baba,

Shikamoo. Ulitufundisha kutanguliza salamu hata nyumba ikiwa inaungua, basi nimetanguliza. Sasa nikwambie: shamba halipo. Tangu asubuhi nalizungusha neno hili kichwani nikitafuta namna ya kukuletea polepole, sikuipata. Mizabibu imekwisha. Na rafiki yako Abdi naye amekufa.

Nakuandikia nikiwa mtaa wa Iftin hapa Garissa, nyumbani kwake, katika chumba cha nyuma walichotupa mimi na Mama tulipokimbia maji. Habiba, mke wake, yuko chumba cha pili amekaa eda. Namsikia akikohoa. Nje mbuzi hakuna, kuku hakuna, mbu tu.

Ngoja nianzie pale ulipotuacha, maana hujui hata mazishi yako yalikuwaje. Siku ile kulikuwa na jua la kutoboa fuvu. Abdi hakuingia kanisani. Alisimama uani bila kivuli mpaka misa ikaisha, kofia yake imelowa jasho. Makaburini alimpokonya koleo kijana mmoja wa kwaya, akafukia mwenyewe. Jioni alileta maziwa ya ngamia, akayaweka mlangoni, akaniambia, "Adeer, kunywa. Mwenye huzuni na njaa anaumwa mara mbili." Unakumbuka nilivyokuwa nikicheka nikiwa mdogo, kwamba mimi namwita adeer kwa kuwa ni kama baba yangu mdogo, na yeye naye ananijibu adeer, kama Wasomali wanavyoitana mkubwa na mdogo? Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Ulivyoniagiza hospitalini, nilifanya. Pumzi ilikuwa imekuishia, ukaniambia, "Agnesi, usiache ikae bila kupogolewa." Hukuniambia nimtunze Mama wala nisali. Ulisema mizabibu. Nilikukasirikia kidogo, Baba, kisha nikachukua mkasi wako nikaingia shambani peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilipita mstari kwa mstari nikihesabu machipukizi ya kila tawi, nikisema kwa sauti maneno yako: "Acha macho mawili. La tatu ni la tamaa." Vidole vilitoka malengelenge. Nilipomaliza, shamba zima lilibaki visiki vyeusi kwenye waya, kama limeungua, na nikaogopa kwamba nimeliua. Abdi alikuja kutoka kwenye migomba yake, akatazama, akasema, "Haki ya Mungu, hata baba yako alikuwa anafanya hivi hivi, na kila mwaka mimi nafikiri amekuwa wazimu."

Watu wote walifikiri hivyo, si yeye peke yake. Zabibu Garissa! Mahali ambapo hata ngamia hutafuta kivuli! Ulinisimulia safari hiyo mara nyingi hadi naiona kama nilikuwemo: Babu akikata vile vipandikizi katika shamba la mapadre kwenye bonde lenu kule Dodoma, alikopogoa tangu ujana wake, wewe ukivifunga kwa gunia bichi, ukipanda basi moja baada ya jingine, ukivinywesha maji yako ya kunywa na abiria wakikucheka. Ulikuja kufanya kazi ya bustani misheni, kazi ya kuja na kurudi, lakini uliiona Tana inavyopita katikati ya ukame ukasema, hili nalo ni bonde. Ukakodi kipande kile cha ukingo. Ukamwoa Mama, binti wa Mwingi aliyekuwa akiuza nyanya sokoni. Ukakaa.

Mimi nimekulia chini ya ile mizabibu. Nilijifunza kutembea nikishika nguzo zake. Najua harufu ya majani yake asubuhi baada ya kumwagilia, na kelele za debe tulizopiga kufukuza ndege na tumbili vichala vilipoanza kuwa vyeusi. Najua siku za kukamua, mikono yetu ikiwa ya zambarau mpaka viwikoni, na mitungi uliyoifukia mchangani karibu na maji, ukaifunika magunia yaliyolowa, kwa sababu joto la hapa lingeichemsha divai ikawa siki kabla Jumapili haijafika. Alfajiri ulikuwa ukipiga magoti unatega sikio mdomoni mwa mtungi. "Inasema," unaniambia. Nami natega sikio, naisikia ikichekacheka humo ndani.

Na Abdi siku hizo haonekani. Alizaliwa Sangailu kwenye ng'ombe, ukame ukawamaliza, akaja mtoni kulima kwa aibu, kwa sababu kwao kulima kulikuwa kazi ya waliokosa. Wewe ulimwonyesha kushika jembe na hukumcheka. Alikusaidia kumwagilia, kuvuna, kupeleka zabibu za kula sokoni. Lakini ukileta pipa la kukamulia, anachukua fimbo yake, anakuita ndugu kwa Kisomali: "Walaal, tunda ni ya Mungu, hiyo nitabeba. Hiyo ingine ya ndani ya bipa, mimi sioni, sisikii." Na wewe, kwa miaka yote ile, hukumwachia hata kuliosha pipa. Mgeni mmoja wa bara alipokuja kutaka kununua chupa, akaongeza bei mara mbili, ulimwambia divai hii ni ya altareni, si ya barabarani, na ukamtazama Abdi aliyekuwa akipalilia karibu. Ile heshima yenu sijaiona tena popote.

Basi mizabibu ilichipua, Baba. Sikuiua. Mvua za kwanza mwisho wa mwaka zilianguka juu ya macho yale mawili mawili niliyoyaacha, na yakafunguka yote. Tulikuwa tumekaa na ukame muda mrefu, mji mzima ulitoka nje kulowa. Abdi alisimama katikati ya shamba mikono juu, "Alhamdulillahi," maji yanamchuruzika kwenye ndevu. Nilikuja mpaka kaburini kukwambia. Nilikuwa na furaha. Nataka ujue kwamba ilikuwepo wiki moja nilipokuwa na furaha.

Mvua haikukatika. Redioni waliiita Elinino. Maji ya huku hatukuyaogopa sana. Ya kuogopa yalikuwa maji ya juu, ya milimani kwenye mvua kubwa zaidi, yakishuka kwetu na miti mizima na mizoga. Asubuhi moja Abdi alikuja anakimbia. "Adeer, toka! Mto imekasirika. Toa mama kwanza. Nguo, bas!" Tulimpandisha Mama barabarani na godoro na sufuria. Kisha nikasimama. Nikasema, na mizabibu? Abdi akavua viatu vyake, akaviweka juu ya ukuta, akarudi na mimi.

Nilikata vipandikizi maji yakiwa magotini, halafu kiunoni. Yeye alishika waya ili nisichukuliwe, na kwa mkono mwingine akavipokea, akavifunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Tulijua mamba wametoka mtoni. Hakuna aliyelitaja jina lao. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua na macho yake yako kwenye maji. Maji yalipofika kifuani alisema, "Bas, adeer. Baba yako hataki wewe ufe kwa mti." Nilitaka kukata mmoja tu zaidi, ule mkongwe wa kwanza kabisa, wa pembeni. Alinivuta kwa nguvu.

Tukiwa juu ya barabara tuliona mistari ikizama mmoja mmoja kuanzia ule wa chini. Nguzo zilisimama kidogo, zikainama. Pipa lako lilipita likielea, limesimama wima kama mtu. Mama alisema, "Afadhali amekufa." Naandika alivyosema.

Hapa Iftin ni juu kidogo, maji hayakufika. Tulivipanda vipandikizi kwenye mikebe ya mafuta ya msaada tuliyoitoboa matundu, tukaipanga chini ya ukingo wa bati. Barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika, unga umepotea madukani, ndege zinadondosha chakula, na Abdi kila akitoka kuswali alfajiri anapita kwanza kwenye mikebe. Siku moja aliniita kwa kelele mpaka nikadhani ni nyoka. "Njoo uone! Imetoa jicho!" Kweli, kadhaa vilikuwa na vijani vidogo kama kucha ya mtoto.

Lakini ardhi na hewa yote ilikuwa maji. Nilimwaga udongo, nikaweka mchanga, nikahamishia ndani, nikarudisha nje. Majani yakawa na madoa, yakaanguka. Nilipovuta kipandikizi kimoja ganda lilibaki mkononi na chini kilinuka uozo. Nikavuta cha pili. Nikavuta vyote, Baba, kimoja baada ya kingine. Hakikupona hata kimoja. Habiba alivichukua kimya kimya akavining'iniza juu ya jiko vikauke, kwa sababu kuni kavu hazikuwepo mji mzima. Sikumzuia. Ningemzuia kwa nini?

Wakati huo habari za Ijara na Sangailu zilikuwa zinafika kwa watu waliotembea kwenye matope: wanyama wanatupa mimba, wanakufa, na watu wanatokwa damu. Hakuna aliyejua ni nini. Abdi alikuwa na mbuzi wachache hapa uani. Jike mmoja akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Alimsaidia kwa mikono yake mitupu, kama alivyofanya maisha yake yote. Akamchinja alipoona hatapona. Siku chache baadaye alisema kichwa kinamuuma, akacheka, akasema ni njaa. Kisha homa. Kisha fizi zikaanza kutoka damu, kisha pua. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Watu walikuwa wamelala hadi kwenye veranda, na wauguzi waliokuwa zamuni walifanya walichoweza, lakini hawakuwa na jina la ugonjwa wala dawa yake. Aliomba arudishwe nyumbani.

Maneno yake kwangu yalikuwa haya. Nilikuwa namfuta uso. Akasema, "Bole, adeer. Bole sana. Mti ya baba yako imekufa kwa nyumba yangu." Alikuwa anakufa, Baba, na ananiomba radhi mimi.

Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Wazee walikuja kumwosha. Walihitaji maji ya moto, na mvua inanyesha, na kila kijiti cha Iftin kimelowa. Habiba alisimama mbele ya jiko akitazama juu, kisha akanitazama mimi. Nilipanda juu ya debe, nikavishusha vile vipandikizi, nikaviingiza motoni mwenyewe. Vilishika haraka. Vilitoa harufu tamu, wewe unaijua, ile harufu ya matawi tuliyochoma kila baada ya kupogoa. Kwa moto ule maji yalichemka, na kwa maji yale rafiki yako akaoshwa, akavalishwa sanda, akabebwa. Kazi ya Babu, na yako, na yangu, kutoka bonde la Dodoma mpaka hapa, ilipasha moto sufuria moja ya maji.

Sijutii. Lakini moyo haujaniambia kwamba ilikuwa vizuri pia. Haujaniambia kitu.

Mto uliposhuka nilimpeleka Mama tukaone. Hakuna cha kuona. Ukingo umeanguka, na mahali palipokuwa na nusu ya shamba ndipo Tana inapita sasa, imetulia kama haijafanya lolote. Nusu nyingine imefukiwa kwa mchanga na matope yaliyopasuka. Niliona waya umetokeza; niliuvuta, ukakatika. Mama hakulia. Alisema, "Nirudishe kwetu." Malori yalipoanza kupita nilimpandisha la kwenda Mwingi kwa mjomba. Anakuomba umsamehe kwa kuliacha kaburi lako.

Kanisani nilikwenda mara moja. Padre sasa analetewa divai ya chupa kutoka Nairobi. Alipoinua kikombe nilijaribu kusali, nikaona tu kikombe. Nikatoka. Watu wananiambia Mungu ana makusudi, nami nawaitikia kwa adabu, kwa sababu ulinilea hivyo. Ndani yangu ni patupu, Baba. Nikipita mtoni sigeuzi shingo. Kijana mmoja wa kilimo aliniambia kwamba miche ya mizabibu inaweza kupatikana, naweza kuanza upya mahali pa juu. Nilimwambia asante. Sitaanza. Mikono yangu inajua kila kitu ulichoifundisha na haitaki tena.

Kwa hiyo usinisubiri kwa habari njema. Sitakuahidi mzabibu, na nisingependa kukudanganya hapo ulipo. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu: Habiba hawezi kutoka mpaka eda yake iishe, na watoto wake ni wadogo. Nitamwendea sokoni. Nitamchotea maji. Nitapika, nitawaogesha watoto, nitakaa mlangoni wageni wakija. Hilo nitalimaliza, hata kama asubuhi nyingine siwezi kuinuka bila kushika ukuta. Baada ya hapo sijui nitakwenda wapi, na sina wa kumuuliza.

Pumzika, Baba. Ukimwona Abdi huko, msalimie. Mwambie watoto wamekula leo.

Ni mimi mwanao,
Agnesi