Gia ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimechuma majani ya chai, nimeyapeleka kituoni, nimerudi nyumbani kusugua shingo ya pikipiki ya marehemu baba kwa msasa. Kama juzi. Kama jana. Namba za fremu zimeanza kujitokeza chini ya kutu.

Kiprono, ndugu yangu wa nyumba ya pili, anataka kuiuza. Kuna mwenye hoteli Nakuru anayetundika pikipiki za zamani ukutani, juu ya meza za bia. Baba yetu hakuonja pombe maisha yake yote. Sasa atakuwa pambo la walevi. Ndiyo nchi yetu hii: tunachoshindwa kukitunza tunakipigia msumari ukutani na kukiita utamaduni.

Jumatano, 5 Machi

Desturi yetu Wakipsigis haina utata. Kilichopatikana kwa ng'ombe wa nyumba moja ni cha nyumba hiyo. Mama yangu, marehemu, alisema mpaka mwisho kwamba mitamba yake ndiyo ilinunua pikipiki. Kiprono anadai ni ng'ombe mwekundu wa mama yake, mwaka wa 1977. Mama Mdogo, yaani mama yake Kiprono, aliolewa na baba 1974. Kwa hiyo swali ni moja tu. Kachuma haka ni ka mwaka gani?

Kokwet, baraza la wazee wa kijiji, litakaa Jumamosi ya wiki ijayo. Ikithibitika ni ya nyumba ya pili, Kiprono anauza. Amekwisha kuniambia.

Ijumaa, 7 Machi

Namba imesomeka yote. Toleo la 1972. Taa ya nyuma ya duara, tangi lenye mabega, gia tatu. Matoleo ya baadaye yana taa ya mraba na gia nne. Nimewatumia picha wapenzi wa pikipiki hizi mtandaoni, watu wagomvi kuliko mimi, na hakuna aliyebisha.

Miaka miwili kabla Mama Mdogo hajaingia bomani. Kwisha.

Nilimpasulia Kiprono habari hiyo sokoni Sigowet, mbele ya watu. Akasema, "Profesa, hiyo ni pikipiki, si makala ya gazeti. Haikuogopi." Watu wakacheka. Nikamwambia mtu asiyesoma hata karatasi ya dawa ya kupe asinifundishe. Wakacheka zaidi. Sijutii.

Jumanne, 11 Machi

Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, nimetia petroli mpya. Sitaisukuma mbele ya wazee kama mkokoteni. Nitafika nikiiendesha, Kiprono aisikie kutoka mbali.

Nilipiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka. Ule mlio. Nilikaa juu ya ndoo nikausikiliza mpaka moshi ukajaa zizini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitoa mpaka barabarani. Moja. Mbili. Tatu. Mguu ukabonyeza tena, kwa mazoea ya pikipiki za siku hizi. Ikaingia.

Nne.

Nilisimama kando ya majani chai. Nikarudia. Nne.

Toleo la 1972 halina gia ya nne. Injini hii si ya fremu hii. Niliporudi nilipangusa grisi, nikatazama vizuri umbo la silinda. 1977, bila shaka yoyote. Wiki nzima nimesoma shingo nikadhani nimesoma pikipiki. Mjinga.

Sasa nakumbuka kilima. Nikiwa mdogo mama alikuwa akishuka kwenye pikipiki pale chini, anapanda kwa miguu na kikapu chake, baba anatangulia na pikipiki inayokohoa. Kisha mwaka mmoja akaacha kushuka. Nilidhani baba amejua kuendesha; kumbe ni injini.

Hakuna mwingine anayejua. Wazee wataangalia pale nitakapoweka kidole. Nimemaliza ujana gazetini nikiwatukana kwa kalamu watu wanaosema nusu ya ukweli. Nikisema yote, baba anaenda kwenye baa. Nikinyamaza, mimi ni mmoja wao.

Nimempigia mke wangu kelele kwa sababu ya chumvi. Chumvi ilikuwa sawa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema. Fremu ni ya nyumba ya mama yangu, injini ni ya Mama Mdogo. Niliyatoa kwa ukali, kama mtu anayetema dawa chungu. Kiprono alinikodolea macho. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Mwenyekiti akauliza, "Arap Koech, kuna mtu amekulazimisha?"

Mama Mdogo hakusimama. "Injini ya kwanza ilikufa," alisema. "Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako, na kliniki ni ng'ambo ya kile kilima. Ng'ombe nilimtoa mimi. Baba yenu hakuniomba." Akafunga leso vizuri. "Nyinyi wawili hamjawahi kuniuliza. Mnapiga kelele tu."

Wazee waliamua haraka. Mali ya nyumba mbili haiuzwi mpaka nyumba zote mbili zikubali. Sikubali. Kiprono akaondoka bila kuaga mtu.

Nilidhani nitafurahi. Nina hasira bado, ila sijui ni ya nani.

Jumapili, 16 Machi

Kiprono hapokei simu. Sawa.

Nimempeleka Mama Mdogo kanisani kwa pikipiki. Alikaa upande, Biblia kifuani, mkono mmoja kwenye koti langu. Chini ya kilima alinigonga begani, anataka kushuka.

Nikamwambia, "Kaa, Mama."

Nikarudi gia ya pili. Ilipanda polepole katikati ya majani yaliyolowa. Hakushuka.