Mistari Miwili ya Ubao wa Zaina

Jumamosi, tarehe 4 Mfungo Sita
Ndagala wa ziwani nimeanika tangu alfajiri. Kunguru wawili, jiwe moja. Zaina amerudi kutoka chuo cha Kurani jua halijapanda, ubao hana. Mwalimu Sefu ameuzuia, amemwambia asirudi tena. Kosa gani, nikamuuliza. Mjukuu wangu huyu anayeongea hata usingizini, leo kimya. Ugali amekula tonge moja. Amebakiza juzuu mbili tu ahitimu, kisha afundishe wasichana wadogo. Miaka sita anakwenda kwa ajili ya hilo. Kuna mtu amefanya kitu.

Jumapili, tarehe 5
Nimekwenda kwa Mwalimu. Nikasimamishwa uani kama muuza kuni. Akasema, "Kosa lake analijua mwenyewe, Bibi." Nikamwambia mimi silijui, na mimi ndiye ninayemlisha. Akasema nikitaka niende kwa wazee. Akafunga mlango. Mtu mwenye haki hafungi mlango haraka hivyo.

Jumatatu, tarehe 6
Mama Tatu wa nyumba ya pili. Binti yake ndiye anayemfuata Zaina chuoni. Zaina akiondoka, Tatu ni wa kwanza. Leo mama mtu ameniletea bakuli la mawese ya kwao Kizuka, bila sababu. Amahoro, Bibi, amahoro, salamu ya kwao ya amani, na macho chini. Sijayagusa.

Jumatano, tarehe 8
Mzee Ramadhani, mkubwa wa wazee wa mji, amekubali kutusikiliza. Ijumaa baada ya sala. Nimeuliza nani atakaa kuamua. Yeye, wazee wawili, na Mwalimu Sefu. Nimecheka kwa sauti. Aliyemfukuza ndiye atakayepima kama alifukuza vizuri! "Bibi, ndivyo tunavyofanya siku zote." Basi siku zote mnakosea, nikamwambia. Nikauliza shitaka. Eti tutalisikia hapo hapo. Mtu atajiteteaje juu ya kitu asichokijua? Hata Wadachi wanaotutawala kule bomani humtajia mtu kosa lake kabla ya kiboko.

Alhamisi, tarehe 9
Jana wazee walikula wali kwa Mwalimu. Harufu ya nyama ilifika mpaka kwangu. Wamekwisha kuamua.

Zaina analia akidhani sisikii. Nimemshika kichwa, nikamwambia: hata kama umeiba msikiti wenyewe, wewe ni wangu, sema. Akajibu, "Bibi, usiniulize wewe."

Wewe? Kwa nini mimi?

Ijumaa, tarehe 10
Usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Wameleta ubao. Shitaka ndilo hili: Zaina alitakiwa aandike sura kwa kichwa. Mistari ya juu ni mkono wake, miwili ya chini ni mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo anaandikiwa, kwa hiyo hajui, kwa hiyo ni mwongo. Aliulizwa nani ameandika, akasema hawezi kusema. Basi, akafukuzwa.

Nikautazama ubao. Ile herufi ya nuni yenye tumbo kama chungu. Yangu.

Ilikuwa Ijumaa iliyopita, siku ya mvua. Zaina alimaliza kuandika, akalala na homa. Paa likavuja, mistari miwili ya chini ikaanza kuyeyuka. Alama bado zilionekana. Nikachukua wino wa masizi nikajaza herufi kwa herufi, nikaona nimesaidia, nikasahau. Wiki nzima natafuta mwizi, kumbe mwizi ni mimi.

Naye Zaina alijua. Yeye peke yake mjini anajua kwamba ninaandika, na mimi ndiye niliyemwapisha asiseme. Nilivushwa ziwa nikiwa mutoto, mali ya mtu. Kazi yangu nyumbani kwake ilikuwa kuosha mbao za watoto wake. Kila herufi niliyoifuta niliimeza kwanza. Siku moja wakanikuta naandika kwa kidole kwenye majivu. Wakakichoma hicho kidole. Tangu hapo naandika nimejifungia.

Nikasimama. Mkono ni wangu, nikasema. Wazee wakacheka mpaka kikohozi. Mwalimu akasema, "Bibi, wewe hujui hata alifu." Nikaomba kalamu na ubao mtupu. Wakatazamana. Nyuma, upande wa wanawake, mtu akapiga kelele: "Mpeni! Iko nini mnaogopa?" Mama Tatu! Yule yule!

Nikaandika mistari miwili ile ile. Kicheko kikaisha.

Mwalimu aliweka mbao mbili pamoja, akalinganisha nuni kwa nuni. Mzee Ramadhani akamuuliza kama alifika kwangu kuuliza kabla ya kumfukuza mutoto. Akasema, "Sikudhani." Neno moja. Kisha Zaina akasoma sura yote bila ubao, macho amefumba, hakukosa hata pumzi.

Amerudishwa. Lakini atakaa nyuma ya wote, kwa kuwa alificha. Nikasema niadhibuni mimi. Wakasema mimi si mwanafunzi. Samahani hakuna aliyeitoa. Wali waliokula kwa Mwalimu, nimeambiwa, ulikuwa wa arobaini ya mama yake. Hilo nalo nilikosea. La kumweka mshitaki miongoni mwa waamuzi sikukosea, na nimewaambia tena wakati wanavaa viatu.

Jioni nimekwenda kwa Mama Tatu nikamwambia nilimshuku. "Bibi, mtaa mzima tulikuona ukishuku. Mawese yalikuwa ya pole tu." Tumecheka. Mimi nimelia kidogo pia.

Jumamosi, tarehe 11
Zaina amekwenda chuoni. Amerudi adhuhuri.

Amekaa nyuma, mlangoni, pamoja na wale wadogo waliofika juzi. Mwalimu hakumsemesha. Nikamuuliza kama aliona haya. Kidogo, akasema. Halafu kasichana kamoja kalikuwa hakajui kushika kalamu, akakashika mkono, asubuhi nzima.

Ameomba chumvi. Amekula sahani mbili.