Kwa Ambrose Wanzala, Aliyefanya Gitaa Liogelee

Ambrose wetu, mwaka umetimia tangu Alhamisi ile uliposhuka ngazi katika jumba jipya la kupangisha hapa Gatina, Kawangware, ukaketi juu ya ndoo ya rangi na kumwambia fundi mwenzako kwamba kifua kinakubana. Ulikuwa ukifunga taa za ghorofa ya pili. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umetutoka. Hospitalini walijitahidi, lakini moyo wako ulikuwa umechoka kimyakimya, bila kumwambia mtu, kama ulivyozoea wewe mwenyewe.

Dada yako Valentine ndiye ameshika kalamu. Haya tumeyakumbuka pamoja mezani, na mengi tumeyapata kwa mke wako Seline. Alisema, "Andika hata ile ya kukosana. Sitaki aonekane malaika, ataona haya." Basi tunaandika yote.

Ulikuwa fundi wa umeme kwa miaka ishirini na miwili. Hukuweza kupita chini ya waya unaoning'inia bila kusimama na kuuliza, "Sasa hii nani alifanya?" kwa uchungu kama mtu aliyetukaniwa mama. Wapangaji wenzako wa ploti walikuletea pasi, redio na kebo za extension, na hakuna uliyemrudisha. Chai ulikunywa bila sukari. Avokado ulinunua mbichi kila mara, ukazifunga kwa gazeti ziive, kisha ukasahau ulikoziweka mpaka Seline azifuate kwa pua.

Lakini furaha yako hasa ilikuwa kile chumba cha pili. Uliegemeza godoro mlangoni, ukatundika mablanketi ukutani, ukaweka kompyuta kuukuu, maiki moja na gitaa. Ulikiita studio. Binti yako Bridgit alikuwa akicheka, kwa sababu gunia la mahindi na ndoo za maji vilikuwa humo humo. Siku usizokuwa na kazi ulirekodi kuanzia saa nne asubuhi, watoto wa ploti wakiwa shuleni na wachomeleaji wa kule chini wakiwa hawajaanza kukata vyuma. Kwaya ngapi zilipanda ngazi zetu! Na kila aliyekuja alikula.

Halafu ikaja ile pedali ya gitaa. Mzee Nyongesa, mpiga gitaa wa zamani wa Kibera, alihamia flati mpya za Soweto East, huko huko Kibera, nawe ukaenda kumwongezea soketi. Ulipomaliza alitoa chini ya kitanda kisanduku cha chuma cha kutosha kiganjani, kina vifundo vitatu na swichi ya kukanyaga.

"Hii ni phaser," alikwambia. "Ilikufa kabla ya bendi yetu kufa. Ukiifufua ni yako."

Uliileta nyumbani ndani ya kofia yako. Ukaifungua, ukakuta kijiwaya kimoja kimekatika pale betri inapokaa, ukakichomelea. Seline alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Uliunganisha gitaa, ukapiga mara moja tu, na mikono yake ikasimama. Sauti haikukaa mahali pamoja. Ilipanda na kushuka polepole, ikigeuza uso kando na kurudi, kama upepo unaotafuta dirisha.

Bridgit, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, alipiga kelele: "Baba, gitaa inaogelea!"

Tangu siku hiyo hapakuwa na mgeni aliyetoka bila kufundishwa. Hata muuza maji ulimshika mkono. "Sauti inaingia moja," ulimwambia, "inagawanywa mbili. Moja inapita moja kwa moja. Nyingine inapindwa, inachelewa kidogo. Zikikutana tena, mahali zinashikana, mahali zinafutana. Na hapo zinafutana hapatulii, panapanda, panashuka. Ndio maana unasikia inazunguka." Yule muuza maji alisema ameelewa. Tunajua hakuelewa, lakini alikaa mpaka mwisho kwa sababu ulikuwa umefurahi sana.

Rafiki yako Irungu wa Riruta Satellite, anayetengeneza nyimbo kwa laptop, alikucheka. "Buda, hiyo yote iko ndani ya kompyuta. Unabonyeza tu."

"Ya kompyuta inarudi vile vile kila ukiiita," ulimjibu. "Hii ikizunguka leo, hiyo imeenda. Hutaipata tena."

"Si hiyo ndio shida sasa!"

"Hapana, Irungu. Hiyo ndio utamu."

Sasa tuje kwa Seline.

Watu wa kanisa la Kibera wanajua kwamba tangu usichana wake yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kisha akaota uvimbe wa koo, akafanyiwa upasuaji. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba sauti huenda ikabadilika, na ilibadilika. Ilitoka kavu, ikipasuka katikati ya neno. Seline akahamia mstari wa nyuma wa kwaya na kuchezesha midomo tu. Hivyo miaka miwili. Wewe hukumsukuma hata siku moja. Ulipiga gitaa chumbani ukiacha mlango wazi, basi.

Jumatatu moja aliingia mwenyewe, akafunga mlango, akasimama mbele ya maiki. "Washa hiyo kitu kabla nibadilishe mawazo."

Aliimba wimbo aliomtungia marehemu mama yake, mara moja tu. Sauti ilipasuka mara tatu. Alipomaliza hakutaka kujisikiliza. Alitoka kwenda kuanika nguo, na alituambia kwamba pale kwenye kamba alijiona mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Wiki iliyofuata alisafiri kwenda Busia kumwona mama yetu Nanyama. Wewe ulibaki na ile sauti. Uliisikiliza, ukaona uisaidie. Ukaitoa kwenye kompyuta na kuipitisha ndani ya pedali. Mwanzoni ilikwaruza, maana kompyuta husukuma kwa nguvu kuliko gitaa, nawe ukakaa siku nzima kutengeneza kijisanduku cha kuipunguza. Kisha ukarudisha kifundo cha kasi chini karibu mpaka mwisho, mzunguko mmoja ukawa mrefu kama pumzi. Mipasuko ikayeyuka. Sauti ikawa laini, pana, ya kuelea. Ulifurahi mno, Ambrose. Uliona umemtengenezea mkeo zawadi. Kompyuta ilikuwa imejaa, ukafuta ile ya kwanza. Na hii mpya ukaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya.

Seline alikuwa jikoni kwa Mama akipukuchua mahindi simu ilipoanza kulia mfululizo. "Mama Bridgit, sauti imerudi!" "Ashukuriwe Mungu, umepona!" Alifungua, akasikiliza mpaka mwisho, mahindi mapajani.

Mama Nanyama, aliyemfahamu mkwe wake karibu miaka ishirini, aliuliza, "Ni nani huyo anaimba vizuri hivyo?"

"Sijui, mama," Seline akajibu.

Alirudi Kawangware kesho yake. Hakuvua hata kitambaa cha kichwani.

"Ile yangu iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo, Mama Bridgit. Nimeisafisha tu."

"Sikuuliza kusafishwa. Ile niliimba hapa, iko wapi?"

Ulitazama sakafu. "Niliifuta. Nafasi ilikuwa imeisha."

Alikuwa akikuita Baba Bridgit siku zote. Siku hiyo alikuita jina lako. "Miaka miwili, Ambrose. Miaka miwili nimetafuta nguvu ya kufungua mdomo. Nikafungua mara moja. Na wewe ukanifuta."

Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. Kwa siku nne alipika na kupakua bila kusema nawe. Bridgit ndiye aliyekuwa mjumbe: "Baba, mama anasema chai iko mezani." "Mama, baba anasema asante." Ulikwenda kazini ukasahau testa yako ya kupimia umeme nyumbani siku mbili mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Ulichomoa pedali, ukaisukuma nyuma ya gunia. Lakini kisanduku hakikuwa na kosa, nawe ulijua.

Jumamosi ya mazoezi ya kwaya ulimfuata Seline mpaka Kibera, hatua kumi nyuma yake, bila kualikwa. Kanisani ulimwomba mwalimu wa kwaya, Rachael, dakika moja. Ulisimama mbele kofia mkononi, wewe ambaye hata kuombea chakula mbele ya wageni ulikuwa ukinong'ona.

"Ile sauti mlisikia kwa simu si ya mke wangu," ulisema. "Ni mimi niliitengeneza. Yake ilikuwa imepasuka. Na ilikuwa nzuri hivyo hivyo, ni mimi tu niliisikia, na nikaifuta. Niliona aibu kwa niaba yake na yeye mwenyewe hakuwa na aibu. Mlishukuru Mungu kwa kitu cha uongo, na hiyo ni makosa yangu. Naomba mnisamehe. Yeye nitamwomba nyumbani, lakini nilitaka asikie nikisema hapa pia."

Mtu mmoja mstari wa mbele aliinamisha kichwa. Ndiye aliyekuwa ameandika "umepona". Seline alikutazama kwa muda mrefu. Anatuambia hasira yake haikuisha pale, lakini ilikaa chini. Kurudi nyumbani mlitembea sambamba, naye akakuonyesha waya uliolegea juu ya duka fulani, ili upate kitu cha kulalamikia.

Hukumwomba aimbe tena. Ilipita miezi mitatu. Siku moja, ukiwa umeinama kwenye kompyuta, ulisikia mlango ukifungwa.

"Mimi utaniacha vile niko," alisema. "Hiyo kisanduku yako peleka kwa gitaa."

Ndivyo mlivyofanya, kwa wimbo ule ule wa mama yake. Gitaa lilizunguka taratibu huku chini, na sauti yake ikasimama juu yake kavu, imepasuka, bila kitu chochote mbele yake. Safari hii aliketi juu ya gunia la mahindi akajisikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Sasa ni mimi."

Wewe ulivaa hedifoni, ukazivua, ukazivaa tena, ukidai kuna waya unaosumbua. Baba Bridgit, uongo huo haukumdanganya mtu hata mmoja. Bridgit alikuwa mlangoni, aliona machozi yako yote.

Wiki sita baadaye ikaja ile Alhamisi.

Tulikulaza Busia, kando ya baba. Wimbo ule ulipigwa uwanjani kwa spika ulizokuwa umezitengeneza mwenyewe, na Mama Nanyama, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza bila kusema tangu asubuhi, aliinua kichwa. "Huyo ni Seline," alisema.

Kwa muda mrefu hatukukifungua chumba. Seline alikuwa akipita pale mlangoni haraka, kama mtu anayepita penye mbwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu Bridgit, ambaye sasa anasomea umeme, na usijivune sana huko uliko, aliingia na ufagio. Alipanguza vumbi, akabadilisha betri ya pedali, akapiga gitaa vibaya kwa saa nzima. Seline alivumilia, mwishowe akaenda kumwonyesha vidole vinakaa wapi. Hatukujua kwamba anajua. Alisema miaka ishirini ya kukutazama si kidogo.

Tena kuna jambo hukuliona, na ndilo tulilotaka kukuambia hasa. Ule wimbo tuliopiga mazishini ulitembea. Uliingizwa kwenye grupu ya kwaya, na kutoka hapo ukafika kwa watu tusiowajua, na Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke kutoka Satellite, anaitwa Wakarima. Alikuwa na kovu shingoni kama la Seline. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Niliambiwa hapa mnarekodi mtu bila kumbadilisha," alisema.

"Ndio hapa," Seline akamjibu. "Kwanza ukunywe chai."

Baada ya chai alisimama mbele ya maiki. Bridgit alikuwa kwenye kompyuta, gitaa lilikuwa tayari limerekodiwa, linazunguka polepole. Wakarima alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena, akaufunga. Akaanza kuomba msamaha, akatafuta mkoba wake aende.

Seline hakumwambia ajikaze wala hakumwambia asiogope. Alivuta kiti chake, akakigeuza, akaketi ameelekea ukutani, mgongo kwake. "Hakuna mtu anakuangalia," alisema. "Bridgit, nawe geuka. Imba ukiwa tayari. Tuko na siku nzima."

Sisi wengine tulikuwa chumba cha kwanza tumeshika vikombe. Tulikaa. Chai ikapoa, hakuna aliyekunywa, hakuna aliyesogeza kiti.

Kisha Wakarima akaanza.

Wanaokukumbuka ni mke wako Seline. Binti yako Bridgit. Mama yetu Nanyama. Dada yako Valentine na watoto wake. Rafiki zako Irungu na Mzee Nyongesa. Rachael na kwaya yote ya Kibera. Pamoja na majirani wa ploti, ambao pasi zao sasa zinatengenezwa na Bridgit.

Haijapita siku usitajwe katika nyumba hii, Ambrose, na haitapita.