Goti la Goodness Halipasuliwi

Baba Goodness,

Maharage yameiva, yaunge tu. Kuku hawajapewa maji. Nimepita kuchukua kanga, narudi hospitali kwa mtoto.

Hapasuliwi! Nilipoambiwa nilikaa kitako kwa furaha.

Asubuhi aligeuka ghafla kumzuia ndama, pia ya goti ikahamia pembeni. Nilipomnyoosha mguu polepole ikarudi yenyewe, lakini goti likavimba. Wewe ukasema, "Mbio ndiyo basi tena," ukaondoka zako kwenda shamba Qurus. Alikusikia. Hakulia kwa maumivu, alilia kwa hilo neno lako.

Daktari ameeleza kwamba upande wa ndani wa goti kuna kano inayoizuia hiyo pia ya goti isikimbilie nje. Ya Goodness imechanika kidogo, haijakatika. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, atavaa kifaa cha kushikilia goti wiki kadhaa, kisha afanye mazoezi ya kukaza misuli ya paja. Pia ya goti ikiendelea kutoka ndipo watafikiria upasuaji.

Goodness akauliza, "Nitakimbia tena?"

"Utakimbia," daktari akamjibu, "ila usiwe na haraka."

Nililia mbele za watu. Usinicheke.

Mama Julius akija na mafuta yake ya kuchua, mshukuru, umwambie tumekatazwa.

~~Usije huku. Kaa na maneno yako.~~

Njoo, chukua pikipiki ya Remigius. Mwanao amekuulizia mara tatu, na kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo.

Mama Goodness